Tukutane Mchana: Misimu Sita ya Baridi na Watoto Wadogo Minneapolis

Wiki iliyopita binti mmoja wa kwetu Tanga, ambaye ana miezi miwili tu hapa Minneapolis na mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu, alinipigia simu usiku. Tuliongea mambo ya kazi na nyumba, kisha akashusha sauti: "Dada, hivi huku watu wanatembeleana kweli?" Nilishindwa kumjibu palepale. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe nikiwa nimesimama dirishani na mwanangu kiunoni, na jibu lake limenichukua misimu sita ya baridi kulipata. Nikamwambia nitamwandikia. Baadaye nikaona niwaandikie na wengine walio katika hali yake.

Tulifika Oktoba 2018, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka miwili. Sikuwa na hofu na baridi. Nimesoma bweni Lushoto, ambako mwezi wa Julai ukipumua asubuhi unaona mvuke mdomoni, na tulioga maji ya ndoo hivyo hivyo. Zaidi ya hapo, watatu kati ya wale tuliolala bweni moja walikuwa wameshatangulia Minnesota. Mmoja yuko Brooklyn Park, dakika ishirini kwa gari kutoka kwangu; ana pacha, kwa hiyo tunamwita Mama Pacha. Wa pili ni muuguzi, anaishi Saint Paul. Wa tatu yuko Rochester, kama kilomita 135 kusini. Nilijua nikifika tu tutakuwa pamoja kama zamani, tunagawana andazi moja wanne.

Hatukuonana hadi Aprili.

Hakukuwa na ugomvi wowote. Kila mmoja alikuwa na zamu zake, watoto wake, mafua yake, na kila tulipopanga siku, theluji ilianguka. Kwenye kundi letu la simu tulizoea kuandikiana "tuonane theluji ikiyeyuka." Mwenyeji anajua maana yake: theluji ya huku inaweza kuanza Novemba na kumalizika Aprili. Tarehe 30 Januari 2019 baridi ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, na kwa ule upepo mwili ulihisi kama nyuzi 48 chini ya sifuri. Shule zilifungwa. Hata posta haikupeleka barua siku ile. Mume wangu alikuwa akifanya kazi za usiku kwenye ghala, mchana analala, na mimi nilikuwa natembea kwa vidole ndani ya fleti ya chumba kimoja ili mtoto asimwamshe. Siku mbili baadaye mwanangu alimwona kupitia dirishani mzee mmoja wa jirani akizoa theluji na koleo. Akapiga kioo kwa viganja viwili na kuita, "Babu! Babu!" Yule mzee hakusikia. Mtoto aliendelea kumwita mpaka mzee alipoingia ndani na kufunga mlango.

Nililia siku ile. Baridi yenyewe nilikuwa naiweza, nikivaa vizuri na kupaka mafuta. Ukimya ndio ulionishinda.

Kosa langu la kwanza lilitokana na ukimya huo. Msimu wa pili nilijiapia kwamba sitakaa peke yangu tena, nikaamua kufanya sherehe kubwa ya mwisho wa mwaka 2019. Niliwaalika wale watatu na familia zao, watu wa kazini kwa mume wangu, na Watanzania wengine niliokuwa nawajua kwa jina tu. Walikuja watu 27 kwenye fleti ya vyumba viwili. Nilipika pilau ya kilo nane za mchele, kuku, sambusa, kachumbari, vyote kwa mkono wangu, na nilitumia zaidi ya dola 400 ambazo hatukuwa nazo. Niliwaambia waje saa kumi na mbili jioni, kama ambavyo ningewaambia Tanga. Wakafika saa mbili usiku, watoto wamelala ndani ya gari, wameamshwa kwenye baridi, wanalia. Hakuna mtoto aliyecheza, na hakuna mkubwa aliyeongea na mwenzake zaidi ya dakika tano bila kumbeba mtu.

Theluji nayo ilianza kuanguka tangu mchana. Hapa Minneapolis ikianguka nyingi jiji hutangaza dharura ya theluji, na kuanzia saa tatu ya usiku huo hadi saa mbili asubuhi hairuhusiwi kuegesha gari upande wowote wa barabara zilizotengwa, ili magari ya kusukuma theluji yapite. Kesho yake, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, barabara nyingine zote unaondoa gari upande wa nyumba zenye namba shufwa. Keshokutwa, saa zile zile, upande wa witiri. Sikuwa naijua kanuni hiyo, wala sikuwa na desturi ya kuangalia matangazo ya jiji. Wageni wangu wawili walitoka saa tano usiku na watoto mabegani wakakuta magari hayapo, yamevutwa na brekidauni. Kuyatoa kuligharimu karibu dola 200 kila moja, faini ikiwemo. Tulichangia nusu. Mmoja wao hakuja tena kwangu, na simlaumu.

Kwa hiyo la kwanza ninalomwambia mgeni ni hili: kabla hujamwalika mtu majira ya baridi, jua gari lake litalala wapi. Jiandikishe upate ujumbe wa dharura ya theluji kwenye simu, na siku ya wageni uangalie kabla pilau haijaiva. Kama wewe ni mpangaji, muulize mwenye nyumba ni maegesho yapi wageni wanaruhusiwa kutumia.

Msimu wa tatu ulikuwa wa korona. Kuanzia Novemba 2020 gavana alizuia kwa wiki kadhaa familia tofauti zisikusanyike, na hata zuio lilipoisha tuliogopa. Tulionana kwenye vioo vya simu. Sina la kufundisha kuhusu mwaka ule zaidi ya kwamba ulitufanya tukumbuke tunavyohitajiana.

Aliyetuokoa ni yule muuguzi. Novemba 2021 alitupigia simu sote watatu kwa pamoja akasema: "Jamani, sisi tunaalikana kama tuko Lushoto. Huku jua la Desemba linazama saa kumi na nusu jioni. Sasa kwa nini tunaitana usiku? Tukutane mchana, watoto wakiwa na nguvu, na saa tisa kila mtu awe anaelekea kwake." Akaongeza kwamba tusisubiri sikukuu. Iwe Jumamosi moja kila wiki mbili, nyumba kwa zamu, familia zetu nne tu, na chakula kiwe kimoja. Asiyeweza kuja haombi radhi. Anakuja zamu inayofuata.

Lilikuwa jambo dogo sana, na ndilo lililobadilisha maisha yetu hapa. Mkusanyiko unaochukua saa nne tu mtu anaumudu hata akiwa ametoka zamu ya usiku. Chakula kimoja hakimchoshi mwenye nyumba wala hakimfilisi. Kwangu huwa ni mbaazi za nazi na mandazi. Mbaazi kavu nanunua duka la Wahindi, naziloweka Ijumaa usiku, na tui ni la kopo. Mama Pacha hupika makande, na kila akifunua sufuria lazima mmoja wetu aseme, "Bado chumvi ya matroni," kisha tunacheka mpaka waume zetu wanashangaa. Hapo ndipo nilipoelewa thamani ya marafiki wa zamani. Huhitaji kuwaeleza wewe ni nani. Walikuona ukilia juu ya tranka siku ya kwanza ya kidato cha kwanza.

Nieleze sasa habari ya mlangoni, kwa sababu ndipo mikusanyiko mingi ya baridi inapoharibikia. Familia nne ni jozi kumi na sita za buti zenye theluji. Theluji ikiyeyuka sakafu inakuwa bwawa, watoto wanalowa soksi, na mtoto mwenye soksi mbichi hataki tena kutoka nje wala kukaa ndani. Nunua masinia mapana ya plastiki ya kuwekea viatu. Yangu mawili yalikuwa dola 9. Weka kapu la soksi za akiba za saizi zote. Wakati wa kuondoka, kila mtoto aende chooni kwanza, kabla hujamvalisha chochote, hata akikuapia kwamba hana haja. Kisha mvalishe kuanzia chini: suruali ya theluji, buti, koti, kofia, na glavu mwisho kabisa, maana ukianza na glavu hataweza kukusaidia kwa lolote. Kwa wadogo nunua glavu zisizotenganisha vidole, kwani vidole vikikaa pamoja hupashana joto.

Koti nene halivaliwi ndani ya kiti cha mtoto cha gari. Kosa hili nililifanya misimu miwili mizima nikidhani nampenda mwanangu. Koti linajaa hewa. Unafunga mkanda unadhani umekaza, kumbe umekaza sufi, na gari likigongwa sufi ile inabonyea na mtoto anachoropoka. Mfunge akiwa na sweta jembamba, mkanda ulale kifuani, halafu mfunike blanketi kwa juu. Washa gari mapema lipate joto, lakini likiwa nje, si ndani ya gereji.

Na tukiwa kwenye gereji: shemeji yangu mmoja aliwahi kutaka kuwasha jiko la mkaa humo achome mishkaki, mlango mkubwa ukiwa umefungwa kwa ajili ya upepo. Tulimkatalia, na alinuna. Gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa, kaboni monoksidi, haina harufu, inaua familia nzima ikiwa imekaa inaongea. Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha gesi hiyo kiwepo karibu na vyumba vya kulala. Kikague chako leo. Mishkaki ya kwenye oveni ni mitamu vya kutosha.

Oktoba 2022 nilijifungua mtoto wa pili, mvulana. Msimu ule hospitali zilijaa watoto wenye virusi vya RSV, vinavyoshambulia mapafu, na muuguzi wetu alikuwa akitusimulia kwa sauti isiyo yake. Siku hizi, tangu 2023, kuna sindano ya kuwakinga wachanga, ulizeni kliniki. Sisi wakati ule tulikuwa na sabuni na kusema "hapana" tu. Kusema "hapana" kulikuwa kugumu kuliko nilivyotarajia. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Muheza kunisaidia uzazi, na kwake mgeni anayekuja kumwona mtoto lazima ambebe. Nilimwambia, "Mama, naomba wasimbusu, wanawe mikono kwanza." Akaninyamazia siku nzima. Kesho yake nilimkuta amesimama mlangoni na chupa ya sabuni, anamwambia Mama Pacha kwa ukali, "Nawa, mwanangu, nawa mpaka kwenye viwiko." Ukiwa na mzee nyumbani mpe yeye kazi hiyo. Akisema yeye, hakuna anayekasirika.

Linalofuata sijawahi kulisimulia nje ya nyumba zetu nne.

Ilikuwa siku chache kabla ya Krismasi ya 2022. Zamu ilikuwa kwangu, na wa Rochester alikuwa amewahi ili asikutwe na dhoruba iliyokuwa ikitangazwa. Nilimnyonyesha mtoto, akalala. Kitanda chake kilikuwa chumba cha watoto, ambako pacha walikuwa wakiruka na kupiga kelele, nikaona heri nimlaze kwenye kitanda chetu, upande wa ukutani. Nikazima taa nikaegesha mlango. Mama mkwe alikuwa jikoni. Binti yangu, miaka sita, nilikuwa nimempa kazi aliyoipenda sana: kupokea makoti ya wageni na kuyapeleka chumbani kwetu, kitandani. Nilimpa kazi hiyo asubuhi, kabla sijamlaza mdogo wake pale. Sikukumbuka kumwambia kwamba mpango umebadilika.

Muuguzi alichelewa kufika. Aliingia, akavua buti, akatazama sebuleni akahesabu watu kama anavyohesabu wagonjwa, akauliza, "Mtoto yuko wapi?" Nikasema amelala chumbani. Akatazama koti lake mkononi, akatazama mlango wa chumba, akaenda bila kukimbia. Niliona mwanga wa simu yake. Nikamfuata.

Makoti yalikuwa saba au manane, yale mazito ya manyoya, yamerundikwa. Mkono wa koti moja ulikuwa umelala juu ya miguu ya mtoto. Lundo lenyewe lilikuwa limeporomokea upande wake likasimama, nikilipima kwa macho, shubiri moja kutoka usoni pake. Alikuwa anapumua. Amelala fofofo, mdomo wazi, hana habari. Rafiki yangu hakusema neno. Alinipa mtoto, kisha akaanza kubeba makoti moja moja kuyatoa nje, kana kwamba ni kazi ya kawaida.

Nilikaa sakafuni pale chumbani sijui muda gani. Binti yangu alikuja akasimama mlangoni, ana koti jingine mikononi. "Mama, nimefanya vibaya?" Nilimwambia hapana, kosa ni la mama, na nilimrudia maneno hayo usiku huo na kesho yake, kwa sababu niliona usoni kwake kwamba hajaniamini.

Tangu siku ile makoti yote yanawekwa bafuni, ndani ya beseni kubwa la kuogea. Yanachuruzika humo humo na hakuna mtoto anayelala humo. Mtoto mchanga analala kwenye kitanda chake mwenyewe, chali, bila mto, bila blanketi, bila mwanasesere, hata kama inabidi watoto wengine wahamishwe chumba. Na tuna khanga ya zamu. Aliyejitanda khanga ile begani ndiye anayemwangalia mchanga; hapiki, hashiki simu. Akichoka anaivua na kumvisha mwenzake, na hawezi kuiacha kitini. Watoto wakubwa wanaijua. Wakiiona iko kitini wanapiga kelele.

Dhoruba ile iliwafungia wageni wetu wa Rochester kwangu. Upepo ulifunika barabara za kusini, na tangazo lilikuwa watu wasisafiri. Walilala siku mbili, watu wanne wa ziada, na unga wa sembe ukaisha siku ya pili. Tangu hapo kila nyumba kati ya nne ina akiba ya siku tatu: unga, maharage, maziwa ya watoto, nepi, dawa ya homa. Na kila gari lina blanketi, koleo dogo, tochi, mchanga wa kumwaga chini ya matairi, na tangi haliachwi chini ya nusu. Lakini nikisema ukweli, siku zile mbili ndizo zilizoniponya na hofu ya makoti. Usiku wa kwanza sikuweza kulala. Rafiki yangu alikaa nami hadi alfajiri, mtoto katikati yetu, tukiongea chinichini kama wakati wa kusubiri kengele ya mchakamchaka.

Kuhusu kucheza nje nitasema machache. Watoto watoke, hata kukiwa na baridi, kwa dakika ishirini ishirini, wakiingia kunywa kitu cha moto na kutoka tena. Ubao wa plastiki wa kutelezea na kilima kidogo cha bustani ya mtaa vinatosha. Angalia ncha za pua, masikio na vidole. Zikipauka au mtoto akisema hazihisi kitu, ingia ndani. Usizisugue. Zipashe kwa maji ya vuguvugu, si ya moto. Nguo msinunue mpya kila mwaka. Sisi tuna begi moja kubwa linalozunguka nyumba nne, na suti ya theluji aliyoivaa pacha mmoja imeshavaliwa na watoto watano.

Msimu wa 2022 hadi 2023 theluji yote ikijumlishwa ilipita mita mbili. Uliofuata ilikuwa kidogo sana: Krismasi ya 2023 ilinyesha mvua hapa, na watoto walikaa dirishani wakilia kwa sababu mbao za kutelezea hazina kazi. Tuliwachukua wote tukaenda kutembea kando ya ziwa Bde Maka Ska wakiwa na sweta. Mwanangu wa kiume alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, ndio kwanza ameanza kutembea. Mzee mmoja aliyekuwa na mbwa alisimama kutupisha. Mwanangu akamnyooshea mkono akasema, "Babu." Yule mzee hakujua maana yake, lakini aliinama akaushika.

Jumamosi ijayo ni zamu ya Mama Pacha. Nimempigia yule binti wa Tanga nikamwambia nitampitia saa nne na nusu asubuhi, kiti cha mtoto ninacho kwenye gari. Aliniuliza alete nini. Nimemwambia asipike chochote, aje na soksi za akiba za mtoto, na ajiandae kuvaa khanga saa ya kwanza, maana mgeni ndiye anayeanza zamu.